Nafasi laki mbili na bado dogo kakosa chuo: hesabu inakwendaje?

Kila mwaka matokeo ya form six yakishatoka na TCU, ile tume ya vyuo vikuu, ikafungua dirisha la udahili, maneno yanaanza yale yale. Huyu anasema vyuo vimejaa serikali ijenge vingine, yule anasema nafasi zipo kibao ila watoto wa siku hizi wanachagua sana, mwingine anasema nafasi wala siyo shida, shida ni bodi ya mikopo, na kila mmoja ana mfano wa ndugu yake. Halafu inatoka taarifa kwamba mwaka wa masomo 2024/25 vyuo vyetu vilikuwa na nafasi karibu laki mbili za shahada ya kwanza, wakati waliofanya mtihani wa form six mwaka huo walikuwa laki moja na kidogo tu, na hapo watu wanachanganyikiwa kabisa. Kama viti ni vingi kuliko watu, huyu dogo aliyebaki nyumbani kabaki kwa nini?

Tuweke maneno sawa kwanza, haraka haraka. Udahili ni chuo kukukubali kwenye kozi, na siku hizi vyuo vyenyewe ndiyo vinapokea maombi, TCU inasimamia na kuweka sifa za chini, ambazo kwa wa form six ni principal mbili, yaani masomo mawili makuu uliyofaulu, zenye jumla ya pointi 4, yaani hata D mbili zinakuingiza kwenye foleni. Ada ni kile chuo kinachodai kwa kukufundisha. Mkopo unatoka bodi, yaani HESLB, na una vipande vingi ndani yake, kimojawapo ni hela ya kula na kulala ambayo wanafunzi wanaiita boom. Halafu kuna ruzuku, hela ambayo serikali inapeleka chuoni moja kwa moja, hasa mishahara ya wahadhiri na wafanyakazi wa vyuo vya umma. Hii ruzuku haipiti mkononi mwa mwanafunzi kwa hiyo watu huwa wanaisahau, lakini bila hiyo ada ya chuo cha umma isingekuwa hapo ilipo.

Sasa zile nafasi laki mbili. Hiyo ni idadi ambayo vyuo vyote, vya umma na vya binafsi, vinaruhusiwa kudahili kozi kwa kozi, yaani ni nafasi ya kwenye karatasi. Ndani yake kuna kozi ambazo watu wanazigombania kufa na kuna kozi ambazo chuo kinaingia awamu ya pili na ya tatu bado kinatafuta watu. Udaktari pale Muhimbili nafasi ni chache na wenye A na B wako wengi, wakati huo huo kuna chuo mkoani kina ukumbi nusu tupu. Na hata huyo mwenye D mbili anaweza kupata nafasi kabisa, ila ni kwenye chuo binafsi ambacho ada yake ni milioni kadhaa kwa mwaka, kwao hawana, bodi imempa asilimia ndogo au imemtupa nje, basi kwa karatasi TCU huyo kadahiliwa, kwa maisha halisi yuko nyumbani anaangalia simu. Kwa hiyo tunaposema nafasi hazitoshi tunamaanisha nafasi za aina moja, zile za chuo cha umma, kozi inayoeleweka, ada ya kubebeka na mkopo juu. Hizo ndizo chache, na hizo ndizo zinazopaswa kuongezeka kadiri watu wanavyoongezeka.

Na kuongeza hizo siyo kujenga. Hapa ndipo naona wengi tunapopotea, maana jengo linaonekana, linazinduliwa, linapigwa picha. Ukinunua Hiace leo hujapata biashara ya usafiri, umepata bati lenye matairi, usafiri unaanza siku una dereva, una mafuta ya leo na una mafuta ya kesho. Jengo unalipia mara moja, mhadhiri unamlipa kila mwezi mpaka astaafu, na kiti cha chuo maana yake hasa ni huyo wa kila mwezi.

Chukua UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Kilianzishwa 2007 na kikapangwa kubeba wanafunzi 40,000, na ukifika pale Dodoma majengo yenyewe yanakuambia kwamba aliyechora hakuwa na mzaha. Lakini Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati walirudishwa nyumbani kutoka hapo hapo UDOM, na maelezo yaliyotolewa bungeni ni kwamba wahadhiri walikuwa wamegoma kuwafundisha kwa sababu ya madai ya malipo. Wanafunzi wapo, kumbi zipo, vitanda vipo, kilichokosekana ni makubaliano na watu wa kusimama mbele ya darasa. Siasa za tukio lile zina mengi yake, siingii huko, ila kama unataka mfano mmoja wa kwamba majengo peke yake siyo nafasi, ndiyo huo.

Kinyume chake kipo pia, mahali ambapo jengo kweli lilikuwa ndiyo kizuizi. Hosteli za Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), zilizozinduliwa Aprili 2017, zile watu wanaziita hosteli za Magufuli, zinabeba wanafunzi 3,840, na kwa mtu aliyekuwa anapanga chumba mtaani na kupanda daladala mbili kwenda kipindi cha saa moja asubuhi ule ulikuwa ukombozi, siyo utani. Kwa hiyo sisemi majengo hayana kazi, nasema kila chuo kina kizuizi chake na ukijenga hosteli mahali panapokosa wahadhiri umepata hosteli nzuri basi.

Tuje kwenye idadi ya watu. Sensa ya 2012 ilituhesabu milioni 44.9, ya 2022 ikakuta milioni 61.7, ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Kwa mwendo huo nchi inajidabo kwenye miaka 22 hivi. Watu wengi wanachukua hiyo 3.2 wanasema basi vyuo viongezeke asilimia 3.2 kila mwaka mambo yataisha. Hapana, haiendi hivyo hata kidogo. Chuo hakipokei wananchi, kinapokea waliomaliza form six na diploma, na hao wanaongezeka kwa mruko, kutegemea nini kilifanyika shuleni miaka kumi na kitu iliyopita.

Angalia hili. Januari 2016 ada na michango ya lazima ikaondolewa mpaka form four, watoto waliokuwa wamezuiwa nyumbani wakaletwa wote kwa mpigo, darasa la kwanza la mwaka ule lilifurika mpaka walimu wakafundishia chini ya mti. Wale watoto ukiwafuata unawaona kwenye takwimu za NECTA, baraza la mitihani, kama mzigo unaopita kwenye koo la chatu: waliosajiliwa mtihani wa darasa la saba 2021 walikuwa kama milioni 1.13, mwaka 2022 wakafika milioni 1.38. Hao wa 2022 ndiyo wale wa darasa la kwanza 2016. Zaidi ya milioni moja walifaulu, wakaingia form one 2023. Form four yao ni 2026, form six yao ni Mei 2029, na mlango wa chuo wanaugonga mwishoni mwa 2029. Na kuanzia 2022 ada ya form five na six nayo ikaondolewa, maana yake wachache zaidi wataishia njiani kwa sababu ya hela.

Halafu nyuma yao kuna wimbi jingine ambalo sijui kwa nini halizungumzwi. Kwenye mtaala mpya elimu ya msingi inakuwa miaka sita badala ya saba. Walioanza nao darasa la tatu 2024 wanamaliza la sita 2027, mwaka ule ule ambao darasa la saba la mwisho linamaliza. Madarasa mawili yanaingia form one kwa pamoja 2028. Peleka mbele: form four 2031, form six 2034, chuo mwishoni mwa 2034, mikupuo miwili mlango mmoja. Hakuna utabiri hapo, wala haihitaji mtaalamu, hao watoto wapo madarasani sasa hivi na wana majina kwenye rejista.

Sasa mhadhiri anatengenezwaje? Unamchukua kijana aliyemaliza na GPA ya juu, kwa kawaida 3.8 kwenda juu, unamwajiri kama mkufunzi msaidizi, anakwenda kusoma masters miaka miwili, anarudi, anakwenda PhD miaka mitatu, minne, wengine mitano na zaidi kwa sababu ya mambo ya ufadhili, ndipo unamwita mhadhiri kamili. Miaka saba mpaka kumi. Serikali ilishasogeza umri wa kustaafu kwa maprofesa na wahadhiri waandamizi wa vyuo vya umma mpaka 65, hatua nzuri ya kununua muda, ila inanunua muda tu. Kwa hiyo mhadhiri wa kumpokea yule mtoto wa 2034 anapaswa awe ameshaajiriwa sasa, na wa 2029 kwa kweli tumechelewa, huyo itabidi tumpokee na tulionao.

Basi twende kwenye hela, maana ndiko kelele ziliko. Mfuko wa kulipia kiti cha chuo upo wa aina tatu tu. Kodi, yaani wote tunalipa, hata bibi anayenunua vocha. Mzazi wa sasa. Na mwanafunzi mwenyewe wa baadaye, ndiyo huo mkopo. Watu husema wafadhili, lakini mkopo wa Benki ya Dunia ni kodi ya kesho, na msaada huwa una mwisho. Kila mjadala wa "chuo kiwe nafuu" kwa kweli ni mjadala wa kuhamisha mzigo kati ya mifuko hii mitatu, na anayesema kishushwe bila kusema mfuko gani upande hajamaliza sentensi yake.

Wazee wetu wanapenda kusema enzi za Mwalimu chuo kilikuwa bure. Ni kweli, na nauli ya kwenda likizo ulipewa. Ila chuo chenyewe kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kitivo kimoja cha sheria, wanafunzi hawafiki ishirini, na hata sensa ya 1967 ilipokuta nchi ina watu milioni 12.3 waliofika Mlimani walikuwa wachache mno. Ni rahisi kumsomesha bure mmoja kati ya maelfu huku hao maelfu wakilima kodi ya kumsomeshea. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaja sera ya kuchangia gharama, na bodi ya mikopo ikaundwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Kwa hiyo ile bure ya zamani ilikuwa nzuri kwa aliyeingia na ghali kwa ambaye hakuwahi kuingia, mimi naona tukiitamani tuitamani nzima, na uchache wake.

Kitu kingine ambacho kinawashangaza wazazi kila mwaka: ada siyo gharama kubwa. Kozi nyingi za vyuo vya umma ada iko kati ya laki nane na milioni moja na nusu kwa mwaka. Kula na kulala, kiwango cha bodi tangu 2022 ni shilingi 10,000 kwa siku, piga kwa miezi minane ya masomo unapata milioni 2.4. Yaani kuishi ni kama mara mbili ya kusoma. Ndiyo maana hata ada ikifutwa kesho asubuhi yule wa Sumbawanga au Newala aliyepangiwa Dar bado hajapona, ana chumba cha kulipia na tumbo la kulisha. Na ndiyo maana ukimpunguzia mwanafunzi umbali umempunguzia gharama kuliko ukimpunguzia ada, hili nitalirudia.

Kuhusu bodi, kuna imani tatu zinatembea mitaani. Ya kwanza, kwamba ukidahiliwa mkopo ni haki yako. Siyo, unapimwa uhitaji na kozi unayosoma, kwa hiyo barua ya chuo na majina ya bodi ni vitu viwili. Ya pili, kwamba bajeti ya bodi haiongezeki. Inaongezeka, tena sana: 2020/21 ilikuwa bilioni 464, mwaka uliofuata 570, na 2024/25 ikafika 787, asilimia kama 70 kwa miaka minne wakati watu hawajaongezeka hata robo ya hapo. Sasa kwa nini kilio hakiishi? Kwa sababu wanaostahili wanaongezeka kwa ule mruko niliousema, boom yenyewe ilipandishwa kutoka 8,500, na tangu 2023/24 hata wa diploma kwenye fani kadhaa wanakopeshwa, kwa hiyo sufuria limekuwa kubwa na walaji wamekuwa wengi zaidi. Ya tatu, kwamba mkopo ni mtego wa maisha. Hii ilikuwa na msingi wake kipindi kile deni lilikuwa linaongezewa asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani, watu wanalipa na deni haliendi, lakini hiyo 6 ilifutwa 2021. Kilichobaki ni makato ya asilimia 15 ya mshahara, na hiyo ndiyo inauma kweli. Tuseme deni ni milioni 10 na mshahara laki nane, unakatwa laki na ishirini kwa mwezi, unamaliza kwenye miaka saba. Siyo maisha yote, ila ni ile miaka saba ambayo unataka kuoa na kununua kiwanja.

Na marejesho hayo ni muhimu kuliko tunavyoyachukulia, kwa sababu ndiyo njia pekee ambayo hela ya jana inamsomesha wa leo. Kwa sasa sehemu kubwa ya bajeti bado inatoka serikalini, makusanyo hayatoshi, na sababu siyo kwamba wahitimu wote ni wezi kama wengine wanavyosema, mfumo wa makato umetengenezwa kwa mtu mwenye payslip, wakati vijana wengi wanaomaliza hawana ajira rasmi, wana genge, wana bodaboda, wana ukurasa wa kuuza viatu. Huyo hana mwajiri wa kumkata. Mpaka tutafute namna ya kumkata kidogo kidogo kulingana na anachoingiza, mzunguko utaendelea kuvuja.

Kinachofanyika sasa hivi kikubwa zaidi ni mradi wa HEET, dola milioni 425 za mkopo wa Benki ya Dunia, ulioanza 2021. Unajenga kampasi mikoani, UDSM wanakwenda Lindi na Kagera, Muhimbili Kigoma, Mzumbe Tanga, Ardhi Sengerema, na unasomesha wahadhiri pia, ambalo kwangu ndilo la maana zaidi ingawa ndilo halipigwi picha. Kampasi karibu na watu inagusa ile milioni 2.4, siyo ile milioni moja ya ada, mtoto wa Bukoba anaweza kulala kwao. Wasiwasi wangu ni ule ule tu: mradi una mwisho wake, na siku dola zikiisha mishahara ya Lindi na Kagera inahamia kwenye ruzuku, kila mwezi, milele. Kama hiyo haijawekwa kwenye bajeti tutakuwa na Hiace nyingine imepaki.

Chuo Kikuu Huria kipo tangu 1992 na kinabeba watu bila kuwajengea kitanda hata kimoja, una kazi yako, unasoma, unafanya mtihani kwenye kituo cha mkoa wako. Watu wanakidharau sana, wanakiona cha waliokosa. Kwa hesabu hii ya kuishi kuwa ghali kuliko kusoma, mimi naona kinastahili nguvu zaidi kuliko kampasi yoyote mpya, japo udaktari na uhandisi huwezi kuupeleka huko, na kijana wa miaka 19 aliyeachwa peke yake na moduli bila mtu wa kumsukuma wengi wanaishia njiani, hilo lazima lisemwe.

Hoja ya "siyo lazima wote wasome chuo, waende VETA" nayo ina ukweli, ila sikiliza anayeisema watoto wake wamesoma wapi. Ufundi una hela, na mafundi wazuri ni wa kutafuta kwa tochi, lakini karakana ya ufundi nayo inataka mwalimu, mashine na vifaa vya kuharibu, siyo rahisi kama inavyosemwa, mara nyingi ni ghali kuliko darasa la uongozi wa biashara lenye ubao na projekta.

Kama una mtoto yuko form five au six sasa hivi, usisubiri majina. Hakiki cheti chake cha kuzaliwa RITA, wanaosajili vizazi na vifo, mapema, na kama mzazi mmoja amefariki hakiki na cha kifo, kama kaya iko TASAF, ule mpango wa kusaidia kaya maskini, tafuta namba yake, kwa sababu waombaji wengi wanakwama bodi kwa karatasi. Na mkikaa kuchagua kozi, pigeni kwanza hesabu ya wapi atalala na atakula nini huko anakokwenda, halafu ndiyo mwangalie ada.